Sheria Iliyomkamata Mtu Mmoja

Dastani aliyaona mabibo kabla ya kumwona mwenyewe. Yalitandazwa juu ya mkeka mpana mbele ya nyumba ya Zulfa, mekundu kwa manjano, yamepasuliwa na kukamuliwa, yakianza kusinyaa kwa jua la Novemba. Hayakufichwa nyuma ya choo, wala hayakupandishwa juu ya bati kama watu walivyozoea. Yalikuwa kando ya njia kabisa, nzi wakiyazunguka, na mtu yeyote aliyekwenda dukani ilimbidi ayapite.

Alishuka kwenye baiskeli. Miaka kumi na moja alikuwa mgambo wa kijiji cha Nanditi, huko upande wa Nambambo, na hakuna siku aliyowahi kuona dharau ya wazi namna hii.

"Hodi hapa."

"Karibu, afande." Zulfa alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, siyo mgomvi.

"Hiki ni nini?"

"Mabibo."

"Naona ni mabibo. Nauliza yanafanya nini juani."

"Yanakauka."

Dastani akamtazama aone kama anatania. Zulfa hakuwa anatania.

"Sheria si unaijua, Zulfa? Kuanika mabibo marufuku. Yakusanye, uyabebe, twende ofisini."

"Sheria ipi tena, baba? Ile si ilishafutwa."

"Nani kaifuta?"

"Sisi. Kwenye mkutano. Hata wewe..." Akasita, kama mtu aliyekumbuka jambo. "Aa. Wewe hukuwepo. Ulikuwa Ruangwa."

Dastani alibaki ameshika usukani wa baiskeli. Ni kweli, mwezi wa sita na wa saba aliazimwa kwenda kulinda ghala la ufuta Ruangwa mjini wakati wa mnada. Lakini alirudi mwezi wa nane. Tangu mwezi wa nane mpaka leo amelala hapahapa, amekula hapahapa, amepita njia hizihizi akiwa na sare yake, na hakuna mtu aliyemwambia lolote. Tena mwezi uliopita tu alimfokea bibi mmoja hadi akayafagia mabibo yake na kuyatupa shimoni. Bibi yule hakubisha. Aliyafagia huku akimwangalia kwa jicho ambalo Dastani hakulielewa siku ile, na sasa alianza kulielewa.

Alipanda baiskeli akaenda ofisini.

*

Sheria yenyewe ilikuwa na jina refu kwenye karatasi, lakini watu waliiita sheria ya kochoko, kwa kuwa kochoko ndilo bibo lililokaushwa. Ilitungwa mwaka 2016, baada ya msiba mmoja ambapo watu walikunywa gongo iliyopikwa kwa kochoko. Wawili walikufa kabla ya matanga kuanuliwa. Wa tatu, kijana aitwaye Nuhu, hakufa, ila aliamka siku ya pili akiuliza kwa nini hakujakucha. Hakukucha tena kwake hadi leo. Nuhu alikuwa shemeji yake Dastani, mdogo wake Scholastika mkewe.

Kijiji kiliingiwa na hofu. Mkutano mkuu uliitishwa, mikono ikanyooshwa, ikapitishwa kwamba mtu yeyote asianike mabibo nyumbani wala shambani. Bila kochoko, walisema, gongo ya masika itatoka wapi? Karatasi ikapelekwa wilayani, ikaidhinishwa, ikarudi na mhuri. Dastani akakabidhiwa nakala, akaambiwa, "Hii ndiyo kazi yako sasa."

Kazi ilimshinda mapema. Mabibo ni mengi kuliko watu. Kila uwanja una mkorosho, kila mkorosho unamwaga mabibo, na tangu zamani watu walianika. Wengine walianika kwa ajili ya pombe, wengine waliyachemsha wakala na watoto miezi ya njaa, kabla mahindi hayajakomaa. Dastani alipita akikemea, watu wakaitikia, akishageuka wanayatandaza tena. Hakupeleka mtu ofisini. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza, yakaanza maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: mgambo hakamati mtu kwa sababu mkwe wake mwenyewe anaanika.

Ilikuwa kweli kwamba Getruda, mama yake Scholastika, alianika. Getruda alikuja nchini akiwa binti mdogo, amebebwa na wazazi waliokimbia vita Msumbiji, na kwao kochoko lilikuwa chakula kama mihogo. Kila Novemba alijaza madebe mawili, akayafunga kwa magome, akayaweka darini. Gongo hakupika hata siku moja. Hilo kila mtu alilijua, na Dastani alilijua zaidi, maana alioa kwake na kwa miaka saba ya mwanzo aliishi kwenye uwanja wake, kama ilivyo desturi.

Lakini sheria haikusema mpika gongo. Ilisema mwanikaji.

Basi siku moja ya Novemba 2018 Dastani alikwenda kwa mkwewe na watu wawili wa kamati ya ulinzi, akasimama nje akitazama chini, akasema, "Mkwe, nimetumwa." Mabibo yalichomwa moto palepale. Baraza lilikaa, likampa Getruda siku kumi na nne za kufyeka majani kwenye uwanja wa zahanati. Na kwa kuwa mgambo alikuwa mmoja tu, aliyemsimamia alikuwa Dastani.

Mkwe ni mtu ambaye Dastani hakuwahi kukaa naye mkeka mmoja. Akimwona njiani alipisha porini hadi apite. Akitaka kumsalimu alisalimia kwa mbali, amechutama. Siku kumi na nne alisimama na fimbo karibu na mama yule aliyeinama na fyekeo, nguo ikimpanda miguuni, wagonjwa wakiwa kwenye benchi wakitazama, wengine wakigeuza nyuso kwa aibu. Siku ya kumi na tano Getruda alifunga mzigo wake, akamshika Nuhu mkono, wakaenda Chunyu, wilaya ya Ruangwa, kwa Fransisko, kaka yake Getruda. Hakurudi Nanditi.

Watu waliacha kusema kwamba mgambo anapendelea ukweni. Waliendelea kuanika, sasa kwa siri zaidi, na Dastani naye akajifunza kupita bila kutazama juu ya mabati.

*

Mtendaji wa kijiji, Imrani, alikuwa kijana aliyehamia kikazi mwanzoni mwa mwaka. Dastani alimkuta akichaji simu kwenye betri ya sola.

"Mzee, ile ishafutwa kitambo," Imrani alisema. "Kwani hukuona tangazo? Lipo ubaoni toka mwezi wa tisa."

Walitoka nje hadi kwenye ubao. Imrani alifunua karatasi ya chanjo ya mifugo, akafunua nyingine ya mashindano ya mpira, na chini yake ikatokea barua. Dastani aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Ilisema kuwa sheria ndogo iliyotajwa imefutwa kwa utaratibu uleule uliotumika kuitunga, *kwa kuwa imepitwa na wakati*.

"Imepitwa na wakati gani?"

"Mzee, hiyo ni lugha ya kiofisi."

"Najua ni lugha. Nauliza maana yake. Mabibo hayaanguki siku hizi? Watu wameacha gongo? Jumapili iliyopita tu nimeamua ugomvi wa walevi pale kwenye kona."

Imrani alijikuna shingo. Alisema yeye anavyofahamu, kuna kikundi cha akina mama kilichotaka kukausha mabibo na kumuuzia mtu wa kiwanda cha vyakula vya mifugo. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa amekaa kivulini akasikiliza, akaingilia, akasema siyo hivyo, hoja ya kiwanda ilikuja baadaye. Sheria ilifutwa kwa sababu wilayani walisema kijiji hakiwezi kumzuia mtu kukausha zao lake mwenyewe. Karani akasema kutoka ndani kwamba wote wawili wamekosea. Ilifutwa kwa sababu nakala ya awali ililiwa na mchwa na hakuna aliyeweza kuvisoma vifungu vyake.

Dastani alitazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo hamjui."

"Tunajua imefutwa," Imrani alisema. "Kwa nini, nenda wilayani. Jalada liko kwa mwanasheria."

Kesho yake akaenda. Hakumwambia Scholastika anakokwenda. Alisema tu ana shughuli mjini. Alivaa sare, akafika Nachingwea akavuliwa ujasiri na benchi la kusubiri, akakaa saa mbili akijiuliza maswali ambayo hakuyapangia mwisho. Kama jambo lilikuwa kosa jana, na leo si kosa, lilitoka wapi hilo kosa? Liko ndani ya bibo, au ndani ya karatasi? Kama lilikuwa ndani ya karatasi tu, yeye alikuwa anamsimamia nani pale zahanati?

Mwanasheria alikuwa mwanamke kijana, Swaumu, mwenye miwani na sauti ya upole. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Kaka, kufuta sheria si jambo la ajabu," alisema. "Sheria inafutwa na wale walioitunga, kwa njia ileile. Kama ilipita kwenye serikali ya kijiji, mkutano mkuu, kisha huku kwetu, basi inarudi kwa njia hiyohiyo. Ndivyo ilivyofanyika. Hakuna kilichokosewa."

"Sikatai. Nauliza kwa nini."

"Sababu huwa ni nyingi. Nyingine zinafutwa kwa kuwa imekuja sheria kubwa zaidi ikazimeza. Nyingine zilikataza kitu ambacho hakipo tena. Nyingine hazitekelezeki, watu wote wanazivunja na mlinzi wa sheria mwenyewe anafumba macho." Hapo Dastani alishusha uso. "Nyingine ziliwaumiza watu ambao hazikuwakusudia. Na nyingine zilitungwa kwa hofu, hofu ikiisha, watu hawakumbuki walichokuwa wanakiogopa."

"Hii ilikuwa ipi?"

Swaumu alifungua jalada, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Mwishowe alitabasamu kidogo kama mtu aliyeshindwa na kitendawili chepesi.

"Wameandika imepitwa na wakati. Basi."

"Hilo nimelisoma ubaoni."

"Upo muhtasari wa mkutano. Huo ni wa wananchi, unaweza kuusoma."

Alimsogezea. Ulikuwa mwandiko wa Imrani. Wajumbe waliohudhuria, mahudhurio ya wanaume na wanawake, ajenda ya maji, ajenda ya madawati. Kisha hoja ya sheria ya mabibo. Dastani aliisoma mara moja, akairudia, kisha akaisoma mara ya tatu akitamka maneno kwa midomo bila sauti.

*Mwananchi mmoja aliomba mkutano usomewe ni watu wangapi wamechukuliwa hatua tangu sheria itungwe. Mtendaji alisoma daftari. Mtu mmoja. Mwananchi aliuliza kama mtu huyo ndiye aliyeuza gongo msibani. Mkutano ulijibu hapana. Mwananchi alipendekeza sheria ifutwe. Iliafikiwa. Mtoa hoja: Scholastika Lukasi.*

"Kuna tatizo?" Swaumu aliuliza.

"Huyu ni mke wangu."

Swaumu akavua miwani, akaiweka mezani. Dastani akauliza lile alilolijia kwa kweli, ingawa alipokuwa benchini hakujua kwamba ndilo.

"Yule mtu mmoja. Sasa kwa kuwa imefutwa, kosa lake limefutwa?"

"Hapana, kaka. Sheria ikifutwa inafutwa kuanzia siku ile kwenda mbele. Yaliyofanyika chini yake yanabaki yamefanyika, isipokuwa waliofuta wawe wamesema vinginevyo. Hawakusema."

"Kwa hiyo kwenye daftari bado ni mkosaji."

"Kwenye daftari, ndiyo."

"Wa kosa ambalo halipo."

Swaumu alifikiri. "Kisheria nimekujibu sawa," alisema. "Ukinitazama hivyo, hata mimi naona jibu langu halikai vizuri."

Alimpigia nakala ya muhtasari bila kumtoza kitu.

*

Scholastika alikuwa anachambua kunde alipofika. Dastani aliweka ile karatasi kando ya ungo. Mkewe aliitazama, akaendelea kuchambua.

"Mwezi wa sita," Dastani alisema. "Leo ni Novemba. Tumekula chungu kimoja siku zote hizo."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nizunguke na sare kama mwendawazimu, nalinda kitu ambacho hakipo."

"Nilingoja."

"Ulingoja nini?"

"Nilidhani utaniuliza." Scholastika aliweka ungo chini. "Miaka saba nilidhani utaniuliza, siku moja tu, mama anaendeleaje. Hukuuliza. Ukitoka kazini unaning'iniza sare, unakula, unalala. Nikasema huyu mtu sasa ni ile sheria yenyewe. Nikiiondoa nitajua kama ndani yake bado kuna mume."

Dastani alikaa kwenye kigoda. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira pale ilipokuwa inakaa siku zote, asiione.

"Ulipitaje mbele ya watu wote wale?"

"Nilisimama ajenda ya madawati ikiwa haijaisha, nikakosea hata kusalimia. Sikupanga kuomba ifutwe, Dastani. Nilitaka tu daftari lisomwe, watu wasikie kwamba ni mtu mmoja. Liliposomwa pakawa kimya, na mimi nimesimama, mwenyekiti ananiambia, 'Haya mama, hoja yako ni nini?' Sikuwa na hoja. Nikasema basi ifutwe. Wakanyoosha mikono. Hata sasa sijui walinyoosha kwa ajili ya mama, au kwa ajili ya mabibo yao, au walitaka kwenda kula."

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ile sheria ilikwenda kwake kwa miguu yako. Na habari ya kufutwa iende kwa miguu hiyohiyo."

*

Alikwenda Jumamosi. Alipanda basi hadi Ruangwa, akashuka stendi akiwa na kilo mbili za sukari na kanga aliyoichagua Scholastika, akachukua bodaboda hadi Chunyu. Sare aliiacha. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalikuwa yale ya Swaumu: imefutwa kuanzia siku ile kwenda mbele. Akayatupa, akaanza upya, yakarudi yaleyale.

Mji wa Fransisko ulikuwa na nyumba tatu. Uani alikuwepo mtu mmoja, anasuka ungo, kichwa amekiinamisha upande kama anasikiliza mikono yake. Dastani akasimama. Mtu yule akaacha kusuka.

"Huyo anayesita ni nani?"

"Ni mimi, Nuhu. Shemeji yako."

Nuhu aliweka ungo chini. "Karibu, shemeji. Mama, mkweo huyu hapa."

Getruda alikuwa ndani, na hakutoka. Kigoda kililetwa nje, kikawekwa karibu na mlango, Dastani akakaa mgongo ukiangalia ndani. Hivyo ndivyo walivyozungumza, Dastani akitazama uwanja, sauti ya mkwewe ikitokea nyuma yake gizani mwa nyumba. Walisalimiana kirefu. Waliulizana mvua, watoto, mihogo. Alitoa sukari na kanga, zikapokelewa na mkono tu.

"Mkwe, nimekuja na habari. Ile sheria ya mabibo imefutwa."

"Imefutwa?" Nuhu aliuliza kutoka alipokaa. "Mbona mimi bado sioni?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, kisha akasubiri jibu.

"Ilifutwa kwa nini?" Getruda aliuliza.

"Wameandika imepitwa na wakati. Wengine wanasema ni kiwanda. Wengine wanasema wilayani. Nimeuliza kila mtu, mkwe. Sijui."

"Waliponikamata niliambiwa kwa nini. Walisoma mpaka namba za vifungu. Leo hawajui?"

"Ndivyo ilivyo."

"Mimi nilinyoosha mkono," Getruda alisema.

Dastani hakuelewa. "Mkono upi, mkwe?"

"Mwaka ule wa kutunga. Mwanangu ndiyo kwanza kapoteza macho. Nilikaa mbele kabisa, nikanyoosha mikono yote miwili, mwenyekiti akaniambia mama shusha mmoja. Sheria ile niliitaka mimi kuliko mtu yeyote pale. Nilidhani inawahusu wale waliompa mwanangu sumu. Sikujua kwamba madebe yangu nayo yamo. Ulipokuja, nilidhani umekosea nyumba."

Kuku walikuwa wakiparura karibu na miguu ya Dastani. Aliwatazama muda mrefu.

"Sikukosea nyumba," alisema hatimaye. "Hukuwa mkubwa wa waanikaji. Walikuwepo wengine wanaopeleka kwenye mapipa ya gongo, niliwajua kwa majina. Nilikuja kwako kwa sababu watu walisema nakulinda. Nilitaka waache kusema. Hilo halimo kwenye kifungu chochote. Nimelibeba peke yangu."

Aliposema hivyo alijisikia kama amemwaga kitu ambacho hakiokoteki. Alisubiri mkwewe amfukuze. Nuhu alichukua ungo wake, akavuta ukindu mmoja, asiusuke.

"Nililijua," Getruda alisema.

"Ulilijua?"

"Siku ya nne pale zahanati. Uliniletea maji ya kunywa, ukayaweka kwenye jiwe, ukaenda mbali ukageuka usinitazame. Mtu anayeamini kazi yake hageuki." Akakohoa. "Kilichonitoa Nanditi si wewe. Nilikuwa sijui nimkasirikie nani. Nikikukasirikia wewe, wewe ni mtumwa wa karatasi. Nikiikasirikia karatasi, mkono wangu umo. Nikasema niende mahali ambapo sitakiwi kuchagua."

"Na sasa kwa kuwa haipo?"

"Sasa ndiyo sijui kabisa. Ningependa nifurahi. Lakini wameondoa kila kitu, hata kile nilichokitaka. Mwenye kuanika kwa chakula ataanika, na mwenye kuanika kwa sumu ataanika. Nani atamzuia yule wa pili?"

"Hakuna, mkwe. Kwa sasa hakuna."

"Basi walifuta vibaya, kama walivyotunga vibaya."

Hawakumaliza neno hilo. Fransisko alirudi kutoka shambani, mazungumzo yakageukia mbegu za ufuta, Dastani akaletewa ugali na mlenda akala na wanaume upande wa pili wa nyumba. Alipoaga, Getruda alisema kutoka mlangoni kwamba mjukuu wake wa Nanditi anapokea komunyo mwezi wa kwanza, na kwamba huenda akaja, kama mvua itaruhusu. Hakuahidi zaidi ya hapo. Alipokuwa njiani kurudi, Dastani alijaribu kujua kama amesamehewa, akaona hajui, na kwamba labda hata mkwewe mwenyewe hajui.

*

Getruda alikuja. Alikaa siku kumi na moja kwa Scholastika, akarudi Chunyu. Katika siku hizo ulifanyika mkutano wa kijiji, ambapo Imrani alisoma rasimu ya sheria mpya, safari hii ikikataza kupika na kuuza gongo bila kumgusa mwanikaji. Watu waliisikiliza vizuri. Ilionekana nzuri. Hakuna aliyekuwa na swali, na mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusema wanaokubali wanyooshe mikono.

Dastani akasimama. Miaka yote alisimama pembeni ya mikutano akiwa na fimbo yake, hakuwahi kusema ndani yake.

"Nina swali. Siku nyingine mtaifuta na hii. Sisemi lini, lakini mtaifuta. Yule ambaye itakuwa imemkamata, siku hiyo atafanywaje?"

Watu walitazamana. Mmoja akasema hilo litajulikana wakati huo. Mwingine akasema swali si la leo. Mwenyekiti akamgeukia Imrani, Imrani akageuza rasimu nyuma, kana kwamba jibu lingekuwa upande wa pili wa karatasi. Palikuwa patupu.

"Andika," Scholastika alisema kutoka upande wa wanawake.

Imrani akaandika. Alipomaliza aliuliza aandike jibu gani mbele yake. Hakuna aliyejua. Getruda alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye ukuta wa ofisi, kanga imefunika kichwa. Mwenyekiti alisema basi swali liende wilayani likiwa peke yake, na kura ya sheria isubiri hadi litakaporudi. Watu wakaanza kuinuka wakipangusa nguo, wakibishana wao kwa wao kama leo wamepitisha kitu au hawakupitisha.

Dastani alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia akae.